Kila wazo linafia mezani kwetu

Shikamoo mama,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Ihumwa hapa Dodoma. Nilikuwa muuzaji kwenye duka la mtu kwa miaka sita. Mwaka jana mwenye duka akafunga, nikarudi nyumbani. Nina shilingi 1,350,000, gawio langu la Desemba tulipovunja kikoba, na sitaki ziishie kwenye sare za shule na michango ya harusi.

Kikoba chetu kina wanachama 22. Ndani yake tuko sita ambao kila Jumapili, tukishaweka hisa, tunabaki kwa katibu kuchambua mawazo ya biashara. Tulianza kwa nia njema kabisa. Mwenye wazo anaeleza, wengine tunajadili, likipita ndipo anaomba mkopo kwenye kikoba. Huu ni mwezi wa nane. Mawazo tuliyoyaweka mezani hayapungui 15. Yaliyoanza kufanyiwa kazi ni sifuri.

Nikueleze inavyokuwa. Kuna mama mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi, katuzidi wote kwa uwezo, na tunamheshimu. Mtu akifunga mdomo tu, yeye ndiye wa kwanza kufungua wake. Akisema "hiyo hailipi", tunaitikia kama kwaya. Akicheka, tunacheka. Chai inaletwa, tunahamia kwenye habari za watu.

Wiki tatu zilizopita ilikuwa zamu yangu. Wafanyakazi wengi wa Mji wa Serikali pale Mtumba wanapita huku kwetu alfajiri, hata chai hawajanywa. Nikawaza niwe napika supu na chapati nyumbani, niwapelekee ofisini kwenye hotpoti, saa mbili asubuhi wawe wanakula. Hesabu nilikuwa nayo kwenye daftari: sahani 40 za supu kwa 2,500 ni 100,000, chapati 80 kwa 500 ni 40,000, jumla 140,000 kwa siku. Nyama na makongoro kilo 8 kwa 10,000 ni 80,000, unga kilo 8 kwa 2,000 ni 16,000. Nabaki na 44,000. Kwa siku 22 za kazi ni 968,000 kwa mwezi. Mshahara wangu wa dukani haukuwahi kufika hata nusu ya hapo.

Sikumaliza kusoma. Mama wa duka akasema, "Supu ni ya walevi, mtumishi wa serikali utamnywesha supu ofisini?" Wakacheka. Mwingine akasema nitanukisha ofisi za watu. Mwingine akasema ikifika tarehe 10 watumishi wote wanakula kwa mkopo, nitazeeka na daftari la madeni. Mwingine, kule kuna kantini. Katibu akasema niachane na supu, tuunde kikundi tuombe ule mkopo wa halmashauri wa asilimia 10, wazo tutalipata mbele ya safari. Nilirudi nyumbani nikalia jikoni.

Mume wangu hakunionea huruma. Alisema kosa ni langu, wazo la biashara ni kama mimba changa, halitangazwi. Anaamini mmoja wao atalifanya kabla yangu, tena anamtaja.

Na kuna jambo jingine, mama, linanisumbua kuliko hilo la supu. Mwezi wa tatu tangu tuanze, dada mmoja, mdogo wetu kwa umri, alileta wazo la kuuza mboga zilizokwisha kuchambuliwa, kuoshwa na kukatwa, kwenye mifuko midogo. Mimi ndiye niliyesema, "Nani anunue mchicha uliokatwa, kwani kavunjika mikono?" Walicheka mpaka machozi. Siku hizi nikienda sokoni naona karoti, njegere na figiri zimefungwa hivyo hivyo, na watu wananunua. Yule dada bado anakuja Jumapili, lakini hajaleta wazo jingine hata moja.

Nitoke kwenye hiki kikundi? Nisimwambie tena mtu mawazo yangu? Na wazo langu ni bovu kweli?

Mpishi Bila Jiko, Ihumwa

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na swali lako la mwisho, maana barua yako nimeisoma na kikokotoo mkononi.

Umeandika unabaki na 44,000 kwa siku. Chapati 80 unazipika kwa maji? Hazili chini ya lita moja na nusu ya mafuta, tuweke 9,000. Vitunguu, ndimu, tangawizi na pilipili, 5,000. Mkaa 6,000. Bajaji ya kwenda Mtumba na kurudi, 10,000, na hapo nimemchukulia dereva kuwa ni ndugu yako. Hizo ni 30,000. Kwenye zile 44,000 umebaki na 14,000, na sijakulipa wewe uliyeamka saa tisa usiku. Kwa mwezi ni 308,000, ikiwa kila siku hotpoti inarudi tupu. Sahani sita tu za supu zikikosa mlaji, 15,000 zimekwenda. Siku hiyo umefanya kazi ili upate hasara ya 1,000.

Sikuandikii haya kukukatisha tamaa. Nakuandikia kwa sababu hesabu hiyo imenichukua dakika kumi, na wewe ulikaa mbele ya wanawake watano wazima, wote wanapika chapati nyumbani kwao, asiwepo wa kuuliza, "Na mafuta je?" Mmoja wao anauza saruji na mabati kila siku ya Mungu, anajua mauzo ni nini na faida ni nini. Naye hakuuliza. Aliuliza kama supu inafaa kwa mtumishi wa serikali. Hicho ndicho kinachoua mawazo mezani kwenu: mnalipigia kura wazo, la kupendwa au kutopendwa, wala hamlichambui.

Hebu tulichambue sisi wawili. Ipasue biashara yako vipande viwili. Supu: unaweka nyama 80,000 na viungo 5,000, unapata 100,000. Inabaki 15,000. Chapati: unaweka unga 16,000 na mafuta 9,000, unapata 40,000. Inabaki 15,000. Umeona? Faida ni ile ile, lakini supu inakudai mtaji wa 85,000 kila asubuhi na chapati 25,000. Supu ikibaki, jioni ni chakula cha nyumbani na majirani. Chapati ikibaki, mwanao anakaa nayo barabarani saa kumi na moja jioni, inakwisha. Supu inamwagika kwenye bajaji. Chapati zinapakatwa kwenye bodaboda, na nauli inapungua.

Kwa hiyo wazo lako si bovu. Lina supu nyingi mno. Anza na chapati, peke yake au na maharage ya nazi kwa anayetaka cha kuchovyea, supu ije baadaye, pengine kwa Ijumaa tu, kwa walioagiza na kulipa Alhamisi. Ukifika huko utakuwa unajua ni wangapi wanaitaka, badala ya kubahatisha 40. (Na hiyo 40 uliitoa wapi? Nashuku uliipenda kwa sababu inazidishika vizuri.)

Sasa turudi kwa wenzako. Niliyapanga maneno yao kama ulivyoyaandika. "Supu ni ya walevi." Hayo ni maoni, huwezi kuyapima wala kuyafanyia kitu, yaache yapite. "Utanukisha ofisi." Hilo lina chembe ya kweli, na chapati zinalimaliza. "Kule kuna kantini." Hiyo ni taarifa, nayo inaendewa kwa miguu: nenda ukaangalie kantini ipi inafunguliwa saa ngapi, inauza nini, foleni ikoje. "Ikifika tarehe 10 wanakula kwa mkopo." Mwanangu, aliyesema hilo alikupa dhahabu, ukaipokea kama jiwe kwa sababu ilirushwa wakati wa kicheko. Biashara nyingi za chakula maofisini hufia kwenye daftari. Mshahara unaingia siku za mwisho za mwezi, katikati ya mwezi mtu bado ana njaa na heshima yake haimruhusu kukosa. Anasema "niandikie". Ukiwaandikia ishirini kati ya arobaini, kesho asubuhi huna pesa ya unga, na bado unaitwa mfanyabiashara.

Mtafute mamantilie anayeuza karibu na maofisi hayo, nunua chai kwake, kaa. Muulize ni siku gani za mwezi chakula kinabaki. Muulize mtu wa mwisho aliyemkopesha amelipa lini. Usimuulize kama wazo lako ni zuri. Atakwambia ni zuri ili uondoke, au baya ili usije. Mtu ukimuuliza alichofanya jana anakumbuka. Ukimuuliza atakachofanya mwakani anatunga. Hata hao watumishi, ukiwauliza "nikiwaletea chapati mtanunua?" wote wataitikia ndiyo, sisi ni watu wa adabu. Uliza: "Leo asubuhi umekula nini, wapi, shilingi ngapi?"

Umenigusa ulipoeleza jinsi kikao chenu kinavyokwenda, kwa sababu shida hiyo ni kongwe kuliko kikoba chenu. Kule Marekani, Alex Osborn, mtu wa shughuli za matangazo, alianza kuwaambia watu tangu miaka ya 1940 wakae pamoja wamwage mawazo mengi kadiri wawezavyo, na mtu asimkosoe mwenzake mpaka mwagiko uishe. Ulimwengu wa biashara ukaupenda utaratibu huo. Lakini mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwalinganisha watu wanne waliokaa pamoja na wanne waliofikiri kila mmoja kivyake, kisha majibu yakaunganishwa. Waliotengana walitoa mawazo mengi zaidi, na mazuri zaidi. Wajerumani wawili, Michael Diehl na Wolfgang Stroebe, wakaja mwaka 1987 kuonyesha sababu kubwa: mezani anaongea mmoja, wengine wanasubiri zamu, na akili inayosubiri zamu inasahau au inajizuia. Hapo hatujaongeza kicheko cha mama mwenye duka.

Kwa hiyo usitoke. Hamisheni kalamu. Jumapili ijayo mwenye wazo asome la kwake mpaka mwisho, bila kukatizwa, na hesabu zake zikiwa kwenye karatasi inayopita mkono kwa mkono. Kisha kimya cha dakika kumi, kila mtu aandike kwake: kitu kimoja anachotaka kujua, na namba moja asiyoiamini. Ndipo msome, kuanzia kwa mdogo. Yule dada wa mboga awe wa kwanza, mama mwenye duka awe wa mwisho. Usimwambie kwamba mnamdhibiti. Mwambie, "Mama, wewe una uzoefu, tunaomba utufungie." Atakubali, na atakuwa amesikia watu watano kabla ya kufungua mdomo. Huenda hata yeye amechoka kuwa hakimu. Mtu akishapewa kiti hicho hathubutu kusema "sijui".

Kuna zoezi jingine ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Mwanasaikolojia wa Marekani, Gary Klein, aliliandikia mwaka 2007, lakini sisi tuna jina bora kuliko lake: matanga. Mwenye wazo aseme, "Ndugu zangu, leo ni Desemba. Biashara yangu ya chapati imekufa. Mmekuja matangani. Marehemu alikuwa anaumwa nini?" Kila mtu aandike sababu ya kifo. Utashangaa. Yule anayeogopa kuonekana mchawi akikwambia biashara yako itakufa, hapa hana woga, kwani imekwishakufa, yeye anatoa pole tu. Mmoja ataandika: mpishi aliumwa malaria wiki mbili, wateja wakahamia kwa mwingine. Mwingine: masika yalikuja, mkaa ukapanda. Mwingine: mlinzi wa getini alimzuia siku ya pili. Mwingine, kwa herufi ndogo: shemeji alikuwa anachukua pesa za unga. Hilo la mwisho lisingesemwa kwa mdomo hata mngekaa mpaka usiku.

Halafu mnachukua vifo vile kimoja kimoja na kuuliza kipi kinazuilika kwa pesa kidogo. Hapo ndipo mtu anapokuwa mshauri wako. Mtu akikupa kasoro, mwombe na dawa. Asipokuwa nayo, si kosa lake, lakini kasoro iandikwe.

Sasa jambo ambalo naona hamjalitambua, nalo ni zito. Nyie mkishajadili wazo ndipo mtu anaomba mkopo kwenye kikoba. Na kwenye vikoba vingi watu wanadhaminiana kwenye vikundi vidogo vya watano watano. Ina maana wanaokukosoa ni wale wale watakaolipa usipolipa. Mwanangu, mdhamini wako hawezi kulisikia wazo lako kwa masikio mawili. Sikio moja linasikiliza hisa zake. "Hiyo hailipi" huenda maana yake ni "naogopa kukudhamini". Sina ubaya na woga huo, ni haki yake. Ila usiuhesabu kuwa ni ushauri wa biashara. Mikopo ijadiliwe siku ya kikoba, na mawazo siku nyingine, mahali pengine, na kanuni ya kwanza iwe kwamba hakuna anayeomba mkopo siku ya mawazo. Na waongezeni watu wawili wasio wanachama. Wewe kwa mfano unahitaji mtu mmoja anayefanya kazi Mtumba na kula pale, na mtu mmoja aliyewahi kuuza chakula akafunga. Aliyefunga ana thamani kuliko anayeendelea, maana hana cha kukuficha.

Habari ya katibu na mkopo wa halmashauri: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, ipo na haina riba. Haina riba, ila inarudishwa. Kuchukua mkopo ndipo mtafute wazo ni kununua kitanda kabla ya kujua chumba kina ukubwa gani.

Mume wako nampa nusu ya haki. Kuna ya kunyamazia: unanunua unga kwa nani kwa bei ya jumla, nani kakuahidi oda ya ofisi nzima, utapanga bei gani wiki ijayo. Lakini chapati? Chapati si siri. Kama umebuni mashine, au jina na nembo ya bidhaa, nenda BRELA. Wao ndio wanaosajili majina ya biashara, alama za biashara na hataza. Wazo tupu la kupeleka chakula ofisini halisajiliwi popote. Na kweli huku kwetu tunaigana. Mmoja akifungua chipsi stendi, baada ya mwezi kuna vibanda saba. Ila hao saba hawaigi wazo lililosemwa sebuleni, wanaiga foleni waliyoiona kwa macho. Siku utakayopata foleni, utaigwa hata kama hukumwambia hata mumeo. Kinachokulinda hapo ni chapati laini, kufika saa mbili kamili, na kujua kwamba bosi wa ghorofa ya pili hali chumvi. Ukilificha wazo ili lisiibiwe, zile 9,000 za mafuta nani angekukumbusha?

Tena afadhali kikundi chenu kinachokataa kila kitu. Wenzetu wa Kenya watakwambia habari za kware. Mwaka 2013 kila mtu alikuwa anamwambia mwenzake mayai ya kware ni dawa, ni utajiri, wewe leta vizimba. Watu waliacha pesa nyingi huko. Mwaka 2014 ulipoanza, wafugaji walikuwa wengi kuliko walaji, bei ikaanguka, kware wakawa mboga ya nyumbani. Katika vikao vyote vile vya kusifiana, swali la kuuliza lilikuwa moja: ukiacha wanaonunua ili nao wafuge, nani anakula hiki kitu?

Mimi mwenyewe niliwahi kuanguka kwenye mafuta ya alizeti, Singida. Dada zangu wote walinisifu. Nilinunua alizeti wakati wa mavuno, nikakamua, nikajaza madumu. Nikakuta kila mtu kakamua wiki ile ile, bei iko chini, na mimi nadaiwa, siwezi kusubiri miezi minne ipande. Mbeba mizigo pale mashineni aliniambia, "Mama, wanaopata hapa ni wenye stoo." Neno moja tu. Ningemnunulia soda kabla sijanunua alizeti.

Tufike kwa yule dada. Uliposema "nani anunue mchicha uliokatwa", ulikuwa unajibu kwa mikono yako mwenyewe. Wewe una muda wa kukata mchicha, kwa hiyo dunia nzima inao. Anayetoka Mtumba na kuingia nyumbani saa moja na nusu usiku hukumwona. Na ajabu ni kwamba jibu mlikuwa mnalipita kila siku sokoni: kisamvu kilichotwangwa, nazi iliyokunwa, vitunguu saumu vilivyomenywa. Watu wamekuwa wakilipia mikono ya wenzao miaka na miaka. Mama mwenye duka alikufanyia wewe kile kile ulichomfanyia mdogo wako, tofauti ni kwamba wewe umeniandikia mimi na huyo mdogo wako amenyamaza.

Sasa kazi. Ile 1,350,000 usiiguse. Toa 30,000. Chagua ofisi moja, siyo Mji wa Serikali wote. Kabla ya siku yenyewe nenda getini, msalimie mlinzi, uliza utaratibu wa kuingiza chakula na nani anatoa ruhusa; ukikataliwa uliza kama watu wanaweza kutoka kuchukua nje. Pita kwa bwana afya wa kata akueleze kupima afya kwa anayewapikia watu, usisubiri akukute. Jumatatu pika chapati 40: unga kilo 4 ni 8,000, mafuta 4,500, mkaa kidogo. Zikiisha unapata 20,000. Lipa namba ibandike kwenye mfuniko wa hotpoti, na siku tatu hizo hakuna kuandika mtu, hata awe mkurugenzi. Andika wewe: zimebaki ngapi, nani kaomba mkopo, nani kauliza supu, saa ngapi zimekwisha. Jumanne na Jumatano rudia. Huenda ukagundua wanataka maandazi. Huenda ukagundua saa mbili umechelewa, wanakula saa moja na nusu wakishuka kwenye basi.

Daftari hilo ndilo upeleke Jumapili, badala ya wazo. Wakicheka, waulize wanacheka mstari wa ngapi.

Ila kabla ya Jumapili, nenda kwa yule dada. Usimwite kwako, nenda wewe. Mwambie ulimkosea, kwa maneno hayo hayo, kisha umuulize kama lile daftari la mboga bado analo. Kama analo, kaeni nalo. Anayelipia kukatiwa mchicha na anayelipia kupikiwa chapati naona wanakaa kwenye ofisi moja. Na usiende mikono mitupu. Siku ya kwanza kuna chapati zitabaki.